Vitabu vya Watoto wa Louisiana

Kusini mwa Marekani, mahali ambapo mto mkubwa wa Mississippi waingia baharini, liko jimbo liitwalo Louisiana. Zamani nchi hiyo ilikuwa chini ya Wafaransa, nao waliiuza kwa Marekani katika mwaka wa 1803, pamoja na nchi nyingine kubwa sana iliyo kaskazini yake. Upande wa kusini wa jimbo hulimwa miwa, na wengi wa wenyeji wake ni Wakatoliki, kwa kuwa wazee wao walitoka Ufaransa. Upande wa kaskazini ni nchi ya pamba na misitu ya misonobari, na huko Wabaptisti ndio wengi. Wilaya za Louisiana huitwa parokia hata leo, ijapokuwa mapadre hawana amri juu yake. Jina hilo limebaki tangu siku zile wilaya ya serikali na parokia ya kanisa zilipokuwa kitu kimoja.

Katika mwaka wa 1901 mafuta yalipatikana chini ya ardhi karibu na mji wa Jennings. Miaka michache baadaye yakapatikana tena kaskazini, karibu na mji wa Shreveport, hata watu wakachimba visima ndani ya maji ya ziwa la Caddo. Makampuni ya mafuta yakatajirika. Lakini kutajirika kwa makampuni si kutajirika kwa wenyeji. Watu wengi mashambani hawakuwa na ardhi yao wenyewe. Walilima pamba katika shamba la mwingine, na mavuno yalipokuja waligawana naye, tena wakalipa deni la dukani, mwisho wakabaki na kidogo au wasibaki na kitu. Katika mwaka wa 1927 mto Mississippi ulifurika ukafunika nchi, ukachukua nyumba na mifugo. Na watu walipohesabiwa mwaka wa 1930, Louisiana lilionekana kuwa katika yale majimbo yenye watu wengi kabisa wasiojua kusoma.

Si kwamba shule hazikuwapo. Zilikuwapo, wala hazikutoza ada. Lakini kitabu kilinunuliwa na mzazi, na hapo ndipo palipokuwa na kikwazo. Mtoto wa darasa la juu hakuhitaji kitabu kimoja tu: alihitaji cha kusomea, cha hesabu, cha jiografia, cha historia na cha sarufi. Alipopanda darasa, vile vya kale havikumfaa tena. Ikiwa wakuu wa elimu wamebadili orodha ya vitabu, hata mdogo wake hakuweza kuvirithi. Mzazi mwenye watoto watano alihesabu bei, akatazama pamba yake, akachagua mtoto mmoja wa kwenda shule na wanne wa kukaa shambani. Au aliwapeleka wote bila kitabu, wakae wakiwasikiliza wenzao wakisoma. Kila mwalimu ajua jinsi mtoto huyo anavyokaa: macho yake yako katika kitabu cha jirani, na jirani akifunua ukurasa mapema, basi somo limempita.

Msomaji atauliza: kwa nini Serikali ya Marekani haikununua vitabu? Jibu ni kwamba katika nchi hiyo shule si kazi ya Serikali ya nchi nzima. Katiba yao, iliyoandikwa mwaka wa 1787, haina neno hata moja juu ya shule. Kila jimbo lina gavana wake, na baraza lake la kutunga sheria, na mahakama zake. Nalo ndilo liamualo mtoto asome wapi, kwa muda gani, kwa kitabu gani, na fedha zitoke wapi. Kwa hiyo sheria za shule za Marekani si moja, bali ni nyingi kama majimbo yenyewe, na jimbo moja laweza kutangulia jingine kwa miaka mingi.

Waliotangulia walikuwa watu wa Massachusetts, huko kaskazini. Nchi yao ilipokuwa bado koloni la Waingereza, yaani katika mwaka wa 1647, walitunga sheria kwamba kila mji wenye nyumba 50 uweke mwalimu wa kuwafundisha watoto kusoma na kuandika, na kila mji wenye nyumba 100 uwe na shule ya juu zaidi, na mji usiotii ulipe faini. Katika mwaka wa 1827 waliongeza kwamba shule zote ziwe bure, zigharimiwe kwa kodi. Sheria hiyo ilisema pia habari za vitabu: halmashauri ya shule ya kila mji ichague vitabu vitakavyotumika, na mtoto ambaye wazazi wake hawawezi kununua apewe kwa fedha ya mji. Palikuwa na onyo moja ndani yake, nalo litafaa kukumbukwa mbele: halmashauri isinunue kitabu chenye kuipendelea madhehebu moja ya dini juu ya nyingine.

Sheria ya kuwapa maskini peke yao ilikuwa njema, lakini ilikuwa na mwiba. Ili mtoto apate kitabu, ilimpasa mzazi akubali mbele ya watu kwamba hana kitu. Na wazazi wengi ni afadhali walale njaa kuliko kusema hivyo. Ndipo katika mwaka wa 1884 Massachusetts ikakata shauri: miji yote iwape wanafunzi wote vitabu, tajiri na maskini sawasawa. Ilikuwa jimbo la kwanza kuifanya jambo hilo kuwa lazima. Majimbo mengine yakafuata, moja leo, moja kesho. Texas ilitia jambo hilo katika katiba yake mwaka wa 1918. Louisiana bado.

Katika mwaka wa 1893 alizaliwa kaskazini mwa Louisiana, katika mji mdogo wa Winnfield, mtoto aliyeitwa Huey Long. Wilaya yake ilikuwa ya wakulima wa ardhi isiyo na rutuba nyingi. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuchuuza bidhaa, akipita nyumba kwa nyumba, akalala kwa watu, akala pamoja nao, akazijua taabu zao. Baadaye akasoma sheria, akawa mwanasheria akiwa na umri wa miaka 21. Alijaribu kupata ugavana katika mwaka wa 1924, akashindwa. Akajaribu tena, na mwezi wa Mei 1928 akaapishwa. Kati ya mambo aliyowaahidi watu, mawili yalipendwa sana: barabara na madaraja, na vitabu vya shule vya bure.

Ahadi ya namna hiyo ni rahisi kinywani. Vitabu vya jimbo zima ni fedha nyingi, nayo lazima itoke mahali. Long aliielekeza kodi kwenye mafuta. Louisiana lilikuwa tayari na kodi juu ya vitu vinavyotolewa katika ardhi, kama mafuta, chumvi, kiberiti na mbao. Maana vitu hivyo vikiisha kutolewa havirudi, na haki ni kwamba wenye nchi wapate fungu lao kabla havijachukuliwa. Hata wakati huo kodi ya mafuta ilihesabiwa kwa thamani yake. Baraza la kutunga sheria likaibadili katika mwaka wa 1928, ikawa kwa kila pipa, tangu senti 4 hata senti 11, kwa kadiri ya wepesi wa mafuta yenyewe. Kisha likatunga sheria nyingine, Sheria ya 100 ya mwaka huo, iliyoamuru kwamba fedha ya kodi hiyo, ikiisha kutolewa yale mafungu ambayo katiba ya jimbo iliyataka, itumiwe kwanza kununua vitabu vya watoto wa shule.

Maneno ya sheria hii yafaa kuangaliwa vizuri, kwa maana neno moja dogo ndilo lililobeba mzigo wote. Haikusema kwamba vitabu wapewe shule. Ilisema wapewe watoto wa shule wa jimbo la Louisiana, bila malipo. Tofauti yaonekana kuwa ndogo, lakini sivyo. Kule kusini maelfu ya watoto Wakatoliki walisoma katika shule za kanisa lao. Sheria ingesema "shule za serikali," watoto hao wasingepata kitu, ijapokuwa baba zao walilipa kodi kama wengine. Ingesema "shule zote," watu wangepiga kelele kwamba fedha ya serikali yatolewa sadaka kanisani, jambo lililokatazwa. Basi sheria ikaipita shule, iwe ya serikali au ya kanisa, ikamwendea mtoto mwenyewe.

Makampuni ya mafuta hayakukubali kodi, yakaenda mahakamani. Na walipa kodi wengine, wakiongozwa na watu wa upande wa Shreveport, wakaenda mahakamani kwa ajili ya vitabu. Hapo pana jambo la ajabu. Parokia ya Caddo, ambayo Shreveport ndio mji wake mkuu, ilikuwa na visima vingi vya mafuta na watu wenye mali, na wakuu wake walikataa kuvigawa vitabu. Yasimuliwa kwamba walisema watu wao si maskini wa kupewa sadaka. Lakini hata katika Caddo walikuwako wakulima wa pamba, na watoto wao hawakuulizwa kama wanavitaka vitabu au hawavitaki.

Ikawa wakati uo huo jeshi la Marekani lilikuwa likitafuta mahali pa kujenga kiwanja kikubwa cha ndege, na wakuu wa Shreveport walikitamani sana, kwa kuwa kingeleta kazi na biashara. Ili ardhi ipatikane ilihitajiwa ruhusa ya jimbo. Wakamwendea Gavana. Long akawajibu kwamba ikiwa wao ni matajiri hata hawataki vitabu, basi hawana haja ya kiwanja cha ndege pia. Hakuwapa ruhusa mpaka walipokubali watoto wa Caddo wapate vitabu. Wakakubali. Kiwanja kikajengwa ng'ambo ya mto, katika parokia ya jirani iitwayo Bossier, kikafunguliwa rasmi mwaka wa 1933 kwa jina la Barksdale, nacho kipo hata sasa.

Wako wanaomsifu Long kwa jibu hilo, na kwa kweli lafurahisha kulisikia. Walakini mtawala anayezoea kuwashika watu koo ili wafanye jema, kesho atawashika ili wafanye atakalo yeye. Ndivyo ilivyokuwa. Katika mwaka wa 1929 baraza la wajumbe lilimshtaki kwa mambo mengi ya kutumia vibaya madaraka yake, akaponea chupuchupu kwa sababu maseneta 15 walitia sahihi hati kwamba hawatamhukumu. Baadaye, akiwa seneta wa Marekani, aliendelea kulitawala jimbo kama shamba lake mwenyewe, hata akapigwa risasi katika jengo la baraza huko Baton Rouge mwezi wa Septemba 1935, akafa baada ya siku mbili. Jema la sheria ya vitabu na ubaya wa njia zake yote mawili ni kweli, na atakayeandika habari zake lazima ayaandike yote mawili.

Sasa turudi kwenye kesi ya vitabu. Mahakama ya juu ya Louisiana ilikuwa imekwisha kuamua katika mwaka wa 1929 kwamba sheria ni halali. Wenye kushtaki wakapeleka neno lao Washington, mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani. Kesi yenyewe yajulikana kwa jina la Cochran, mmoja wa walioshtaki. Hoja yao ilikuwa hivi: nyongeza ya 14 ya Katiba, iliyokubaliwa mwaka wa 1868, yakataza jimbo lolote kumnyang'anya mtu mali yake pasipo haki. Kodi ni mali ya mtu. Ikichukuliwa kwa kazi ya watu wote, kama barabara au askari, ni haki. Lakini ikichukuliwa ili kusaidia kazi ya mtu binafsi, huo ni unyang'anyi uliovikwa nguo ya sheria. Shule za kanisa na shule za watu binafsi si mali ya umma. Zikiondolewa mzigo wa vitabu zimesaidiwa. Kwa hiyo kodi imechukuliwa kwa faida ya watu wengine, wala si kwa faida ya wote.

Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kama serikali yaweza kulipia vitabu vya shule isiyo yake, kwa nini isilipie madawati, kisha jengo, kisha mshahara wa mwalimu, na mwisho wake uko wapi? Mtu mwenye busara aweza kuliogopa jambo hilo hata kama awapenda watoto.

Hukumu ilitolewa tarehe 28 Aprili 1930. Iliandikwa na jaji mkuu, Charles Evans Hughes, nao majaji wote waliafikiana. Walikubali maelezo ya mahakama ya Louisiana: mtu aweza kuitafuta katika sheria hizo fedha iliyotolewa kwa shule yoyote, ya kanisa au hata ya serikali, wala asiione. Fedha ilitolewa kwa ajili ya vitabu vya watoto. Vitabu watakavyopewa watoto wa shule za kanisa ni vile vile wanavyopewa watoto wa shule za serikali. Hakuna hata kimoja cha kufundishia dini. Shule hazikupata kitu, wala deni lao lolote halikupunguzwa. Wanaofaidiwa ni mtoto na jimbo lenyewe, maana jimbo lenye watu waliosoma ni jimbo lenye nguvu. Basi kodi imetumika kwa kazi ya watu wote, na Katiba haikuvunjwa. Mwezi huo huo wa Aprili mahakama iyo hiyo ilikuwa imeipitisha na kodi ya mafuta ya kila pipa. Chemchemi ya fedha na bakuli la kuikingia, vyote viwili vikawa salama.

Hoja ile ya kumtazama mtoto, si shule, ilitembea mbali. Katika mwaka wa 1947 ilitumika katika kesi ya jimbo la New Jersey juu ya nauli za watoto waendao shule za kanisa, na majaji waligawanyika, watano upande huu na wanne upande ule. Katika mwaka wa 1968 ilitumika tena kwa sheria ya New York ya kuwaazima vitabu wanafunzi wa shule zote. Walioshinda na walioshindwa waliendelea kubishana juu ya mwisho wa njia hiyo, na mabishano hayo hayajaisha.

Ingekuwa vizuri kama habari ya Louisiana ingekomea hapo, lakini yako mengine. Katika jimbo hilo, na katika majimbo yote ya kusini, watoto weusi na watoto weupe hawakuruhusiwa kusoma katika shule moja. Kesi iliyohalalisha utengano huo ilitoka Louisiana yenyewe: mtu mmoja wa New Orleans, Homer Plessy, alikamatwa mwaka wa 1892 kwa kukaa katika behewa la weupe, na mwaka wa 1896 Mahakama Kuu ikasema kuwatenga watu si kosa maadamu wanapata vitu vilivyo sawa. Havikuwa sawa hata siku moja. Sheria ya mwaka wa 1928 ilimpa mtoto mweusi kitabu, na hilo si dogo. Lakini shule aliyokipeleka kitabu hicho aghalabu ilikuwa kibanda, na mwalimu wake alilipwa kidogo kuliko mwalimu mweupe, na fedha iliyotumika kwa mwanafunzi mmoja mweusi ilikuwa sehemu ndogo ya ile ya mweupe. Mara nyingi huko kusini vitabu vya shule za weusi vilikuwa vile vilivyokwisha kuchakaa katika shule za weupe, vyenye majina ya watoto wengine ndani yake na kurasa zilizokatika.

Na kule North Carolina sheria ya vitabu ya mwaka wa 1935 iliandika kwamba kitabu kilichokwisha kutumika katika shule za watu wa rangi moja kisipelekwe kwa watu wa rangi nyingine, bali kibaki kwa wale waliokitumia kwanza. Jimbo lilikuwa maskini, vitabu vilikuwa vichache, na bado watu wazima wenye akili walikaa barazani wakatunga sheria juu ya mkono uliokwisha kukigusa kitabu cha hesabu.

Hukumu ya mwaka wa 1896 ilitanguliwa katika mwaka wa 1954, Mahakama Kuu iliposema katika kesi ya Brown kwamba shule za kutengana haziwezi kuwa sawa. Louisiana ilikawia kutii. Tarehe 14 Novemba 1960 msichana mweusi wa miaka sita, Ruby Bridges, aliingia katika shule ya William Frantz huko New Orleans akisindikizwa na maafisa wa Serikali ya Marekani, huku watu wakimzomea njiani. Wazazi weupe wakawaondoa watoto wao, naye akasoma mwaka huo karibu peke yake na mwalimu mmoja.

Rangi haikuwa ukuta pekee. Fedha nayo ni ukuta, na ukuta huo hauna alama ya kuuonyesha. Katika majimbo mengi fungu kubwa la fedha za shule latoka katika kodi ya nyumba na ardhi za mahali pale pale shule ilipo. Penye nyumba za thamani kodi ndogo yaleta fedha nyingi. Penye vibanda kodi kubwa yaleta kidogo. Katika mji mmoja wa San Antonio, huko Texas, palikuwa na sehemu mbili za shule. Edgewood ilikuwa ya watu maskini, wengi wao wenye asili ya Mexico. Alamo Heights ilikuwa ya watu wenye nafasi. Edgewood walijitoza dola 1 na senti 5 kwa kila dola 100 za thamani ya mali yao, na Alamo Heights senti 85 tu. Hata hivyo katika mwaka wa shule wa 1967 hata 1968, mwanafunzi wa Edgewood alitumiwa dola 356, na mwenzake wa Alamo Heights dola 594. Wazazi wa Edgewood wakashtaki, mkubwa wao akiwa Demetrio Rodriguez. Katika mwaka wa 1973 Mahakama Kuu ya Marekani ikawakatalia, majaji watano juu ya wanne, ikisema Katiba ya nchi haimhakikishii mtu elimu. Wakaanza upya katika mahakama za jimbo lao, kwa kuwa katiba ya Texas yaitaja shule. Na mwaka wa 1989 majaji wote tisa wa mahakama ya juu ya Texas wakawapa haki. Sheria ya kuzichukulia fedha sehemu tajiri ili kuzisaidia sehemu maskini ilipitishwa mwaka wa 1993. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku wazazi wake walipokwenda mahakamani, wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye watoto.

Jambo la mwisho latoka California, na laonyesha kwamba sheria iliyoandikwa na kitabu kilicho mkononi si kitu kimoja. Jimbo hilo liliandika katika katiba yake mwaka wa 1912 kwamba watoto wa shule za msingi wapewe vitabu bure. Lakini tarehe 17 Mei 2000 wanafunzi na wazazi wao walilishtaki jimbo katika mahakama ya San Francisco, katika kesi iliyoitwa Williams. Walisema ya kwamba katika shule nyingi za maskini vitabu havitoshi. Kwamba watoto hushirikiana kitabu kimoja darasani, na saa ya kwenda nyumbani kitabu hubaki shuleni, hata mtoto hawezi kufanya kazi ya jioni. Kwamba vingine ni vya kale mno. Na kwamba majengo yenyewe yana panya na vyoo vibovu. Siku waliyochagua haikuwa ya bahati nasibu: ilikuwa tarehe ile ile ya hukumu ya Brown.

Kesi hiyo ilikwisha kwa mapatano katika mwaka wa 2004, na sheria zikatungwa upesi. Jimbo lilitenga dola milioni 138 kwa vitabu na vifaa vya shule zilizokuwa nyuma sana. Ila zaidi ya fedha, sheria ilieleza maana ya neno "kutosha." Vitabu vimetosha wakati kila mwanafunzi, pamoja na yule anayejifunza Kiingereza, ana kitabu cha kutumia darasani na cha kuchukua nyumbani. Mkuu wa elimu wa wilaya, au mtu wake, hana budi kuzizuru shule zilizo nyuma ndani ya majuma manne ya kwanza ya mwaka na kuangalia kama vitabu vipo. Halmashauri ya shule nayo lazima ifanye mkutano wa wazi, kabla ya kwisha juma la nane, iseme mbele ya wazazi kama vimetosha au havikutosha.

Tena katika kila darasa imebandikwa karatasi ukutani. Yasema kwamba pawe na vitabu vya kutosha, shule iwe safi na salama, na mwalimu awe mwenye sifa zilizotakiwa. Na yaeleza mahali pa kupata fomu ya malalamiko. Anayelalamika si lazima aandike jina lake. Mwalimu mkuu akiona neno ni kweli, ana siku 30 za kazi za kulitengeneza. Baadaye sheria iliruhusu vitabu vya kompyuta badala ya vile vya karatasi, lakini kwa sharti lile lile la kwanza: kila mwanafunzi aweze kuvisoma darasani, na aweze kuvisoma nyumbani kwao jioni.